Barua za wasomaji: Mpango wa dharura waulizwe watu wa zamu ya usiku

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaolea watu wengine: wasimamizi wa makao ya wazee na ya watoto, mhudumu wa usiku, na kijana mmoja ambaye baba yake yuko makaoni. Nimeziweka pamoja kwa sababu zote zinauliza jambo moja. Likitupata la kutupata, hawa wasioweza kukimbia tutawatoaje? Nilifanya kazi ya uuguzi hadi kustaafu, na tangu nistaafu naombwa kutembelea makao ya huku kwetu, Njombe, Iringa na Mbeya, kuangalia afya za wakazi. Majibu yangu yanatokana na huko.

*

*Shikamoo mama. Ninasimamia makao ya wazee huku Makete. Tuna wakazi 23. Saba hawatembei kabisa, wawili hawaoni, na wapo kadhaa wenye tatizo la kusahau. Afisa ustawi wa jamii alipokuja kutukagua alitaka kuona mpango wetu wa dharura, hatukuwa nao, akatupa muda tuuandae. Kijana wa ofisini amepakua mfano mtandaoni, kurasa 40, umeandikwa Marekani. Unazungumzia vimbunga, jenereta na mabasi ya kuhamisha watu. Je, tukibadilisha jina la kituo tukauwasilisha kuna ubaya? Kama upo, tuanzie wapi? Fedha ni kidogo sana. — Msimamizi, Makete*

Marahaba mwanangu. Ubaya upo. Afisa ataupokea, ataupiga mhuri, utaingia kwenye faili, na siku ya tukio hakuna atakayekumbuka faili liko kabati gani. Makete haina kimbunga. Ina baridi, mkaa, mishumaa, kufuli, na barabara inayoweza kufungwa na mvua. Andika mpango wa hayo.

Anzia kwa wahudumu wa zamu ya usiku. Makao karibu yote niliyoyatembelea, mpango huandikwa mchana na watu wa mchana: msimamizi, mhasibu, mjumbe wa bodi. Mchana mpishi yupo, mtu wa bustani yupo, dereva yupo, wageni wamekuja na sabuni na sukari. Saa nane usiku wamebaki wahudumu wawili na wazee 23. Kwa hiyo kila unachoandika jiulize: hawa wawili wataweza? Kama kinahitaji watu sita, kifute au tafuta hao wanne wengine watatoka wapi. Chukua daftari, nenda ukeshe nao usiku mmoja, waulize wao. Wanajua mlango unaokwama, taa isiyowaka, na mzee anayegoma kuamka.

Kisha waambie wafungue mlango wa nyuma, gizani, kama vile ukumbi unawaka. Nililiomba hilo katika makao fulani mkoani Njombe. Mhudumu alitoa shada la funguo mfukoni, funguo zote zinafanana, hazina alama hata moja. Akabana simu kwa meno ili tochi imulike kufuli, akajaribu ufunguo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mikono ilianza kumtetemeka ingawa alijua ni jaribio tu. Shada lote likaisha. Ufunguo wa mlango ule alikuwa nao mtunza stoo, na mtunza stoo analala kwake, upande wa pili wa kijiji.

Najua kufuli imewekwa kwa sababu ya wezi, na kwa sababu ya wazee wanaosahau wakatoka usiku kwenye baridi. Hofu zote mbili ni za kweli. Lakini mlango wa kutokea usifungwe kwa kitu kinachohitaji ufunguo kutoka ndani. Weka komeo imara juu kidogo, mahali mhudumu anafika na mzee anayetangatanga hafikirii kugusa, kisha tundika njuga au kengele ndogo kwenye mlango imwamshe mhudumu ukifunguliwa. Madirisha nayo yana nondo. Mwite fundi wa kuchomelea, kila bweni lipate walau dirisha moja ambalo nondo zake zina bawaba na zinafunguka kutoka ndani. Ni kazi ndogo kwa fundi, na ningeitanguliza mbele ya rangi, mapazia na bango la getini.

Mwaka 2009 bweni la wasichana la Sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, liliungua usiku, wanafunzi 12 wakafa. Wale walikuwa wasichana wadogo, wenye miguu yenye nguvu. Wewe una wazee saba wasiotembea.

Na hao saba wamelala wapi? Nimeona mara nyingi wasiotembea wamewekwa mwisho kabisa wa bweni, mbali na mlango, kwa sababu ya harufu na kwa sababu wanaita sana usiku. Wasogeze. Wakae vitanda vya karibu na mlango, na wanaotembea ndio waende mbali. Hilo halina gharama, linafanyika leo jioni. Kisha funga kitambaa cha rangi kwenye kila kitanda, upande wa miguu: kijani kwa anayetoka mwenyewe, njano kwa anayehitaji kushikwa mkono, nyekundu kwa wa kubebwa. Mhudumu mgeni, au jirani aliyekuja kusaidia, ataelewa bila kuuliza. Vitambaa vikaguliwe kila wiki, maana mzee aliyekuwa kijani mwezi wa tatu anaweza kuwa njano mwezi wa nne.

Sasa mkaa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu huku kwetu unatisha kuliko moto wenyewe. Kuanzia Juni baridi ya Makete inajulikana, juu Kitulo majani yanaamka yana barafu. Wazee wanatetemeka, mhudumu anawahurumia, anaingiza jiko la mkaa bwenini na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka kwenye chumba kisicho na hewa hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania chembe nyekundu kwa nguvu ya zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili unakosa hewa huku mtu anavuta pumzi kama kawaida. Watu hudhani hatari ni moshi, hivyo husubiri mkaa uwe mwekundu, usiwe na moshi, ndipo waingize jiko. Mkaa huo mwekundu safi ndio unaoua. Wapo wanaoweka sufuria ya maji juu ya jiko wakiamini maji yatanyonya sumu. Hayanyonyi. Mlango ulioachwa wazi kidogo nao si kinga.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea, kisha usingizi. Mzee mmoja akilalamika kichwa, inaweza kuwa presha yake. Watatu wa chumba kimoja wakilalamika kichwa asubuhi ileile, tafuta jiko. Watoe nje kwanza, ndipo uulize maswali, na uwapeleke hospitali hata kama wamepata nafuu.

Wahudumu wakikatazwa jiko bila kupewa mbadala wataliingiza ukishaondoka, na siwezi kuwalaumu. Wape mbadala: blanketi mbili kwa kila mzee, soksi na kofia za sufu za kulalia, vitanda visogezwe mbali na kuta za nje, uji wa moto saa tatu usiku. Chupa za maji ya moto zinasaidia sana, maji yachemshwe jikoni, chupa ikazwe vizuri na kuviringishwa taulo. Mwenye kisukari asiwekewe miguuni, kwa sababu wengi ganzi imewaingia na wataungua bila kujua.

Mishumaa na vibatari vitoke bwenini moja kwa moja. Taa ndogo za sola siku hizi zinauzwa hadi minadani. Mtungi wa gesi ukae nje ya chumba cha kupikia, kwenye kizimba chenye upenyo wa hewa. Na wote wajue kwamba ukisikia harufu ya gesi huwashi wala huzimi taa: unafunga mtungi, unafungua madirisha, unawatoa watu.

Zimamoto ni 114, polisi ni 112, simu hizo ni za bure. Ziandike ukutani kwa herufi kubwa, na chini yake andika maneno ya kusema: jina la kituo, kijiji, kata, njia panda ya kukunjia, alama iliyo karibu. Mtu aliyeshtuka husahau hata jina la kijiji chake. Piga 114 mapema, lakini fanya pia hesabu ya muda ambao gari litatumia kukufikia. Hadi lifike, wa kukuokoa ni majirani. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji mkubaliane ishara. Makao mengi yana rimu ya gari iliyotundikwa kwa ajili ya kengele ya chakula. Ikipigwa mfululizo bila kupumzika usiku, kila nyumba itoe mtu mmoja na blanketi moja. Taja kwa majina nyumba tano za jirani, na namba za bodaboda wawili wanaolala karibu. Mpe mwenyekiti nakala ya mpango: Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji, na kamati ya kijiji chenu inapaswa kujua kwamba ina wazee 23 wa kufikiria kabla ya wengine.

Maji: kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga. Kwa wakazi 23 ni lita 345. Siku tatu ni lita 1,035, yaani zaidi kidogo ya tangi moja la lita 1,000, na maji hayo hayaguswi kwa kufulia. Dawa nazo ziwepo za wiki mbili mbele, hasa za presha, kisukari na kifafa. Mwenye kifafa akikatishiwa dawa ghafla kwa sababu gari halikupita, anaweza kupata degedege mfululizo na kufa.

Kila mkazi awe na kadi: picha, jina, magonjwa, dawa na vipimo vyake, ndugu wawili na simu zao. Kadi zote ziwe ndani ya begi moja lisiloingiza maji, limetundikwa mlangoni. Anayetoka wa mwisho analichukua, na nje anahesabu watu kwa kadi hizo.

Ukiyaandika haya yote yatajaza karatasi mbili. Zibandike chumba cha wahudumu, kisha mfanye zoezi, kwanza mchana, halafu usiku. Hapo ndipo utagundua kiti cha magurudumu hakivuki kizingiti, au bibi fulani hatoki bila kisanduku chake. Kizingiti kivunjwe. Na kisanduku kihamishiwe mlangoni mapema, kwa makubaliano naye, maana kina picha za watoto wake na hakuna nguvu zitakazomtoa akakiacha.

*

*Mama, nakuomba usitaje kituo changu. Ninahudumia wazee zamu ya usiku, hapa Iringa. Wazee ni 16. Mwenzangu akiugua nabaki peke yangu. Huwa nawaza moto ukitokea nianze na nani. Yupo bibi mmoja ananiita mjukuu, hawezi kutembea, najua miguu yangu itaenda kwake. Nikimwacha mwingine itakuwa dhambi? — Mhudumu wa usiku*

Mwanangu, nimeisoma barua yako zaidi ya nyingine zote. Si dhambi kuwa na bibi unayempenda. Na nashukuru umeuliza kabla, kwa sababu swali hili halijibiki ukiwa ndani ya moshi. Likijibiwa sasa, usiku ule utafuata ulichokwisha kuamua.

La kwanza, kabla hujamgusa mtu yeyote, piga kengele na kupiga yowe. Inauma kusimama unapiga rimu huku mtu anakuita, lakini mikono miwili haitatoa watu 16, na kila dakika jirani anayochelewa kuamka wanalipa wao.

Halafu chumba chenye moto. Waliomo humo ndio wa kwanza, awe bibi yako au babu asiyekusalimu. Ukishawatoa, funga mlango wa chumba hicho. Watu wengi hukimbia wakaacha milango wazi, na moshi unatembea nyumba nzima. Mlango wa mbao uliofungwa, hata wa kawaida, unakununulia dakika kadhaa, na dakika hizo ndizo utakazofanyia kazi yote.

Kisha wanaotembea. Hili watu wengi hulipinga, wanaona wenye nguvu wasubiri. Lakini wanaotembea hawahitaji mikono yako, wanahitaji sauti yako. Chagua tangu sasa mzee mmoja imara, mwombe awe kiongozi wa msafara, mwoneshe njia hadi kwenye mti mtakapokusanyika. Usiku ule utamwita yeye kwa jina, naye atawatoa wenzake mkono kwa mkono. Mzee aliyepewa kazi hiyo huitunza kwa heshima kubwa. Nimeona mwalimu mstaafu anayeukagua msitari wake kila Jumamosi.

Wakitoka hao, njia imekuwa wazi, unaanza na wa kubebwa, kwa kufuata ukaribu wa moto. Usijaribu kuwabeba mgongoni. Tandika blanketi zito sakafuni kando ya kitanda. Mteremshe mzee miguu kwanza, halafu makalio, mwisho kichwa ukikikinga kwa kiganja chako. Kunja pembe mbili za upande wa kichwa, zishike karibu kabisa na mabega yake ili kichwa kiinuke kidogo, inama, rudi kinyumenyume. Kichwa kinatangulia, miguu inafuata. Kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa msichana mwembamba kama wewe anamvuta mzee wa kilo 70 bila kuvunjika mgongo. Fanya mazoezi na mhudumu mwenzako alale yeye kwenye blanketi, ili ujue pia kunahisi vipi kuvutwa, usije ukamtisha mzee. Na si lazima umfikishe uani kwa safari moja. Ukimvusha hadi ng'ambo ya mlango mwingine unaofungika, mbali na moto, umempatia muda. Rudi kwa mwingine.

Moshi ukishuka hadi kifuani, tembea umeinama au tambaa, hewa nzuri iko chini. Ukishuka hadi magotini, toka. Ukishatoka usirudi ndani. Najua nakuambia nini. Mhudumu akianguka kwenye moshi, majirani wakifika hakuna wa kuwaeleza nani amebaki chumba kipi, na wewe tu ndiye unayejua.

Yote hayo nimekujibu kana kwamba ni sawa kuwa peke yako na wazee 16. Si sawa, na si mzigo wako. Mwandikie msimamizi, kwa upole, kwa maandishi, ubaki na nakala: mwenzangu asipofika, nani anaitwa? Anaweza kuwa jirani anayelipwa posho ndogo kwa usiku wa namna hiyo. Kituo kisichoweza kumpata mtu huyo kipunguze idadi ya wakazi hadi kitakapompata. Wajumbe wa bodi wanaosoma ukurasa huu, barua hii ni yenu.

*

*Salamu mama. Makao yetu ya watoto yapo nje kidogo ya Mafinga, tumezungukwa na mashamba ya miti. Kila mwaka Septemba na Oktoba moto kichaa unatukaribia. Tufanye nini? — Mlezi, Mufindi*

Kata nyasi na lima njia ya moto kuzunguka kituo kabla ya Julai kuisha, wakati majani hayajakauka kabisa. Ongea na mwenye shamba la miti, naye ana hasara ya kuogopa, mara nyingi atatoa vibarua. Kuni na mirundo ya majani ya misonobari isikae ukutani wala mapaa yasizibwe na majani hayo. Siku zenye upepo mkali na moshi upande unakotoka upepo, watoto wenye pumu wahamishwe mapema kwenye nyumba mliyokubaliana nayo mjini, msisubiri kuona miali. Na msiwatume watoto wakubwa kuzima moto wa porini kwa matawi. Upepo ukigeuka unawazunguka kabla hawajasikia mnapowaita.

*

*Tumsifu Yesu Kristo. Mama, sisi ni masista tunaolea watoto wilayani Rungwe, wengine wana ulemavu. Nyumba yetu iko chini ya mteremko. Tangu watoto waliposikia habari za Itezi, mvua ikinyesha usiku hawalali. Wenzangu wanasema zoezi la dharura litawatia hofu zaidi. Na tutajuaje kwamba mlima unataka kushuka? — Sista, Rungwe*

Milele amina, Sista. Watoto wenu wana haki ya kuogopa. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetere likafukia nyumba za watu Itezi, jijini Mbeya, na miezi michache kabla, Desemba 2023, Hanang tulizika watu wengi kwa sababu ya maporomoko ya namna hiyo. Nanyi mko wilaya ambayo mvua yake kwa mwaka, sehemu nyingine, inapita milimita 2,000.

Mlima una dalili, ingawa si kila mara. Nyufa mpya kwenye udongo juu ya nyumba, hasa zilizojipinda kama mwezi mchanga. Miti au nguzo za umeme zilizoanza kuinama. Milango na madirisha yanayokwama ghafla bila sababu. Chemchemi inayotoka mahali ambapo haikuwepo, au maji ya kijito yaliyogeuka tope, au kijito kilichopungua ghafla huku mvua inanyesha: hapo kuna kitu kimeziba juu na kitaachia. Mteueni mtu apande mteremko huo kila Jumamosi tangu Novemba hadi mvua ziishe, aangalie hayo na kuandika kwenye daftari. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la mvua kubwa kwa mkoa wetu, msisubiri dalili. Jioni hiyohiyo watoto walale kwingine, kwenye ukumbi wa parokia au madarasa ya shule yaliyo kwenye kilima kisicho na mteremko juu yake. Mwandikieni paroko au mwalimu mkuu sasa, mpate jibu la maandishi, mkapeleke huko mikeka na blanketi kabla ya msimu. Mkilala huko usiku kumi na mlima usishuke, hamjapoteza kitu.

Mwombeni pia mhandisi wa halmashauri au mtaalamu wa jiolojia aje auangalie mteremko. Akisema nyumba isikaliwe, basi isikaliwe, hata kama ilijengwa na wafadhili.

Kuhusu zoezi, nasimama upande wa kulifanya. Mtoto anayeogopa mvua anaogopa zaidi kwa sababu hajui mtu mzima atafanya nini. Mwambieni. Lifanyeni mchana kwanza, kwa wimbo wanaoupenda: wimbo ukianza, kila mmoja anamshika mwenzake aliyepangiwa, mnatembea hadi ukumbini, mnakuta uji. Mtoto asiyesikia apangiwe mwenzake wa kumgusa bega na ishara mliyokubaliana. Mtoto anayechanganyikiwa na kelele apitishwe njia hiyo mara nyingi akiwa peke yake na mlezi mmoja, hadi aizoee. Baada ya mazoezi machache, hofu inabadilika kuwa ratiba.

Jambo moja watu hulisahau. Usiku wa maafa huja magari ya wasamaria wema wanaotaka kuwachukua watoto "wakalale salama". Wengi wana nia njema. Asitoke mtoto hata mmoja bila kuandikwa amechukuliwa na nani, simu gani, gari gani, amepelekwa wapi, na bila afisa ustawi wa jamii kujua. Watoto wanaolelewa makaoni wako chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na hawana mzazi wa kuja kuwaulizia asubuhi. Nyinyi ndio mtakaouliza. Wekeni picha za karibuni za kila mtoto kwenye begi la mlangoni, na mtoto asiyeweza kusema jina lake ashonewe jina na simu ya kituo ndani ya sweta.

*

*Mama shikamoo. Baba yangu amepata kiharusi, tulimpeleka kwenye makao ya wazee Mbeya kwa sababu mimi niko kazini Dar na dada yangu ana watoto wadogo. Nataka kujua kama yuko salama, lakini sitaki kuonekana msumbufu wakamchukia. Niulize nini? — Mtoto wa kiume, Dar es Salaam*

Marahaba baba. Ukienda Mbeya, usiende saa nne asubuhi kama wageni wote. Omba kufika jioni, zamu zinapobadilishana, salimia wahudumu wa usiku, wapelekee sukari na majani ya chai, kaa nao. Angalia mlango unafungwaje na unafunguliwaje. Angalia kitanda cha baba kiko umbali gani na mlango. Angalia kama kuna jiko la mkaa kwenye korido. Uliza kwa sauti ya mwana wa nyumba: "Hapa tukipata shida usiku tunakusanyika wapi?" Wakijibu papo hapo, wote jibu moja, moyo utulie. Kila mmoja akijibu lake, zungumza na msimamizi faragha na umwambie uko tayari kuchangia komeo, taa ya sola au blanketi. Msimamizi mwenye akili hatakuchukia.

Hakikisha kadi yake ina namba zako mbili na ya dada yako, na mtu mmoja anayeishi Mbeya penyewe anayeweza kufika ndani ya saa moja. Andika dawa zake zote, na andika upande gani umepooza, kwa sababu anayemvuta kitandani gizani akishika mkono uliopooza anaweza kuutegua bega.

Na waambie jina analoitikia. Kwenye rejista ameandikwa majina yake matatu ya ubatizo na ya ukoo, lakini mzee aliyepata kiharusi akishtuliwa usingizini huenda asiyatambue. Kama nyumbani huitwa Baba fulani, au kwa jina alilopewa na bibi yake, liandikwe juu ya kadi kwa herufi kubwa, na wahudumu wa usiku waanze kulitumia leo.